Miche na Udongo Wake

Jumamosi, 20 Februari 1954

Mitatu! Migomba mitatu imelala chini asubuhi hii, yote ina mikungu, na upepo wa jana haukuwa hata wa kuangusha nguo kwenye kamba. Mmoja ulibakiza wiki mbili tu ukatwe. Nilisimama pale na jembe mkononi. Ndizi changa zimepondeka kwenye matope.

Nimehesabu. Tangu Noeli ni migomba kumi na minne. Shamba hili aliniachia mama, naye aliachiwa na mama yake, na hakuna aliyewahi kuona mgomba unang'oka wenyewe kama jino bovu.

Kaka Andrea alipita kutazama. Yeye ndiye msemaji wa ukoo katika mambo ya ardhi, basi kila kinachoota au kufa mlimani hapa lazima akitolee neno. Akasema alishajua zamani. Imeanzia kwa Mwanaasha.

Mwanaasha ni jirani yangu, ng'ambo ya kijito. Mjane, Mwislamu, alitoka mjini miaka miwili iliyopita mumewe Ahmadi alipofariki. Ukoo wetu ukampa kipande cha kulima, naye kila mwaka humletea Andrea kuku mmoja kuonyesha anajua ardhi ni ya nani. Migomba yake ilianza kulala mwaka jana, kabla ya yetu. Sasa hana hata mmoja uliosimama wima. Andrea anasema mtu hapotezi shamba zima hivi hivi, kuna alilolifanya. Nimelifikiria mchana kutwa, na nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe: nimemkasirikia yule mwanamke.

Jumatatu, 22 Februari 1954

Leo nimepandishwa hasira. Tazama mwandiko huu!

Amekuja Abasi, bwana shamba. Kijana wa mjini, kaptula imepigwa pasi, viatu vimejaa tope na anavitazama kila hatua. Huyu ndiye aliyetuchimbisha matuta ya ngazi mlimani mwaka mzima, siku tatu kila wiki, wanawake kwa wanaume, eti udongo usiteremke. Tukachimba. Udongo mwekundu wa chini ukaja juu, udongo mwema ukazikwa, mahindi yakatoka ya manjano. Amekuja kukagua kama ngazi zangu zimebomoka. Zimebomoka, ndiyo. Nimeacha zibomoke.

Alinisalimu vizuri, shikamoo mama, nikamwitikia kwa nusu mdomo. Kisha akaona migomba iliyolala. Hakuniomba ruhusa! Akachukua panga langu, akapasua tunguu la mgomba mmoja, lile shina nene la chini ya ardhi. Ndani kumejaa njia nyeusi zilizopindapinda, na unga kama wa seremala. Katika njia moja kulikuwa na funza mweupe, mnene, hana miguu, kichwa chekundu. Halafu akafukua pembeni ya shina akanipa kiganjani mdudu mweusi mgumu, mdogo kuliko punje ya mahindi, ana pua ndefu iliyopinda. Anaitwa fukusi, akasema. Huyu mweusi hutaga, yai humtoa funza, funza hula tunguu mpaka mizizi inakosa pa kushika, kisha hugeuka kuwa mweusi tena.

Nikamwambia kila mtu anajua funza hutoka kwenye uozo. Migomba imeoza kwa sababu ya ngazi zenu, na funza wamekuja baadaye kula kilichooza, basi. Akatabasamu. Nilitaka kumpiga kwa lile panga.

Hayo si kitu. Kilichonichoma ni alichosema baadaye. Kwamba fukusi karibu haruki kabisa, na kutembea anatembea kivivu. Kutoka shamba hadi shamba hubebwa na watu, ndani ya miche na udongo wake. Akasema, "Mama, ukimpa mtu mche, menya tunguu lake mpaka liwe jeupe, na udongo wote ubaki hapa hapa."

Eti nimenye! Mama yangu alinifundisha tangu nina miaka sita: mche hutolewa na bonge la udongo wake, unafungwa kwa jani, unabebwa mikononi na si kichwani, usije ukafika ugenini peke yake. Kumpa mtu mche mtupu ni kumwambia hutaki ustawi kwake. Mlima mzima unajua miche ya Felista inavyotolewa. Sasa kijana ambaye hajawahi kupanda hata mchicha ananifundisha kutoa zawadi.

Akaandika kitu kwenye daftari lake akaondoka. Vizuri. Mimi pia nina daftari. Nitamfuga huyo mdudu wake, nimwonyeshe.

Jumatano, 3 Machi 1954

Jumatano ya Majivu. Padri alihubiri juu ya unyenyekevu, na mimi kichwani nilikuwa na makopo ya biskuti.

Nimeyapata mawili, yale ya masista wa misheni. Nimeyatoboa matundu kwa msumari. Juzi nilipanda kwa binamu yangu Paskalia, kule juu kwenye baridi, mwendo wa saa tatu. Migomba yake imesimama kama askari, haina kovu. Nilimwomba matunguu mawili machanga. Akacheka akasema, Felista mwenye shamba la mama amekuja kuomba kwangu! Huku kwetu ni mimi ninayegawa, siombi. Nikavumilia.

Wadudu nimewanasa kwa hila ya yule Abasi, maana alitaja na mimi sikuweza kujizuia kusikia: pasua gogo la mgomba, lilaze chini uso wa ndani ukigusa udongo, ufunue asubuhi. Nimepata saba. Wanafiki hao! Ukiwagusa wanakunja miguu wanajifanya wamekufa. Nimewaangalia mpaka wakachoka kujifanya.

Kopo la kwanza: tunguu safi na fukusi saba. Kopo la pili: tunguu safi bila mdudu. Yote nimeyatia udongo niliouchemsha kwenye chungu, shemeji yangu alipopita akaniuliza napika nini. La pili likioza litatoa funza vilevile, na hapo ndipo nitakapomwita bwana shamba aje ale maneno yake.

Jumamosi, 6 Machi 1954

Nimewatoa wale saba. Kwenye tunguu wametoboa vishimo vidogo kwa pua zao, na katika kila kishimo yai moja. Jeupe, dogo kuliko kipande cha mchele. Moja moja tu! Hawana haraka kabisa. Hilo limeniudhi kuliko kama wangetaga mia.

Andrea alikuja jioni na wazee wawili. Wamekubaliana: baada ya Pasaka, mahindi yakikaribia kuvunwa, ukoo utakaa kikao, na Mwanaasha ataambiwa ahame. Hawatasema neno uchawi, maana padri atasikia na serikali itasikia. Watasema ardhi imemkataa. Wakaniuliza mimi kama jirani, na kama mwenye shamba la mama, nasemaje.

Nikasema na aende.

Nimeliandika kama nilivyolisema. Walishukuru, wakanywa uji, wakaondoka.

Jumanne, 16 Machi 1954

Funza katika kopo la kwanza! Wembamba kama uzi, wamekwisha kuzama ndani. Kopo la pili, hakuna.

Bado mapema. Uozo haujaanza.

Jumapili, 4 Aprili 1954

Baada ya misa nilikutana na Mwanaasha kijitoni. Wanawake wengine walikuwa wakijaza ndoo zao upande wa juu yake, maji yanakotoka, ili wasichote maji yaliyogusa miguu yake. Watu wazima! Mmoja wao ni mlezi wa watoto wa komunyo ya kwanza. Mwanaasha alinisalimu, habari za toka juzi dada, nikasema nzuri nikatazama pembeni. Alikuwa amebeba magimbi. Migomba imekwisha, anakula magimbi na anauza magimbi, na alinisalimu kama kwamba hakuna kitu.

Nilifika nyumbani nimekasirika na sijui na nani. Na wale wanawake, hakika. Na yeye pia, kwa nini hagombi? Ningekuwa mimi ningemwaga ndoo zote.

Kopo la kwanza: nimepasua tunguu pembeni. Funza wamenenepa, kichwa chekundu, yule yule wa siku ile. Njia zimepinda, nyeusi, unga umejaa. Wanapita tunguuni kama wenye nyumba. Kopo la pili limeoza kweli, linanuka, nimefunika pua. Halina funza hata mmoja. Nimelichambua kwa vidole.

Limeoza na halina funza. Kijana yule na kaptula yake!

Ijumaa Kuu, 16 Aprili 1954

Mfungo. Njia ya Msalaba kwenye matope.

Funza mmoja amejichimbia kichumba karibu na ganda na amegeuka. Hana tena kichwa chekundu. Mweupe, laini, ana pua iliyokunjwa kifuani na miguu iliyokunjwa pia. Amelala. Nilimgusa kwa kijiti, akatingisha mkia akanyamaza. Nimemrudishia udongo wake.

Jumatatu, 26 Aprili 1954

Ametoka.

Rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa, ganda bado laini. Nimemweka mkononi. Akakunja miguu akajifanya amekufa. Mdudu hana saa moja duniani na tayari anajua unafiki! Nilicheka mwenyewe jikoni, kisha nikaacha kucheka.

Siku hamsini na kitu. Yai, funza, mlalaji, mdudu, na huyo mdudu ataishi mwaka na zaidi, kama Abasi anavyosema, na sasa lazima niseme kama Abasi anavyosema. Hakuna uozo uliomzaa. Ngazi hazikumzaa. Ngazi ni uonevu na nitasema hivyo mpaka nife, lakini fukusi si wa ngazi. Mwanaasha hakumwita kwa maneno yoyote. Alitagwa na mama yake, akala, akalala, akaamka.

Basi na lile la pili nalo? Kwamba hawaruki? Nilimrusha hewani juu ya mkeka mara ishirini. Alianguka mara ishirini. Nilimweka kando ya jiko asubuhi, adhuhuri alikuwa hajafika kizingitini.

Mdudu anayetembea hivi amevukaje kijito?

Alhamisi, 29 Aprili 1954

Leo nimezunguka mlima mzima. Nilisema natafuta mbuzi. Sina mbuzi.

Kila nyumba nilisimama nikatazama migomba, nikafukua kidogo kando ya shina kwa kijiti kama bwana shamba. Wenye nyumba waliniona wakadhani nimechanganyikiwa. Ukimwacha Mwanaasha, nyumba kumi na moja zina fukusi. Nyumba tano hazina. Nilirudi nikakaa kwenye kinu nikaanza kuzipanga kichwani, hizi zina, hizi hazina, kuna nini cha kuzitenga. Si mteremko. Si maji. Si dini, kuna Wakristo wanane katika wale kumi na mmoja, na ngazi zote tumechimba sawa.

Ni mimi.

Mwaka hamsini na moja niliteremka tambarare kwenye msiba wa shemeji wa marehemu mume wangu, kwenye kambi ya vibarua wa mkonge. Kulikuwa na migomba pale sijawahi kuiona, mifupi, mikungu inagusa chini. Nikaomba miche minne. Nikaibeba mikononi siku nzima kupanda mlima, na bonge la udongo wake, imefungwa kwa majani, nikiinyunyizia maji kila kijito. Nilijivuna! Nikaipanda katikati ya shamba la mama. Ikazaa machipukizi upesi. Na mimi nikaanza kugawa. Aliyejifungua, nikampelekea mche. Aliyeoa, mche. Aliyefiwa, mche. Nyumba kumi na moja. Kila mche na udongo wake, kwa mikono miwili, kama mama alivyonifundisha.

Wale watano hawakupata kwangu. Wawili tulikosana, watatu sikuwa nimewafikia. Paskalia kule juu sijampa hata mmoja, maana alisema yake inamtosha.

Na Mwanaasha alipokuja kutoka mjini hana kitu, nilimpa miche ishirini. Ishirini! Shamba lake zima lilitoka kwangu. Wengine walikuwa na migomba ya zamani ndani ya ardhi, ikastahimili. Yeye alikuwa na yangu peke yake, michanga, ikalala kwanza. Ndiyo maana ilionekana imeanzia kwake. Nami nikasema na aende.

Nimemkasirikia mama. Mungu anisamehe, nimekasirika na marehemu. Nimemkasirikia Abasi kwa kuwa na haki. Nimejikasirikia mwenyewe mpaka nimeshindwa kula, na ugali umekauka sufuriani.

Jumapili, 2 Mei 1954

Nimemwambia Andrea. Nilimpelekea kopo, nikamfunulia, nikamweleza siku zote hamsini, na miche, na nyumba kumi na moja. Alisikiliza akiwa anachonga mpini wa shoka na hakuacha kuchonga.

Akasema mdudu ni mdudu, wadudu wapo siku zote. Nikamwambia asikilize tena. Akasikiliza tena. Ndipo akaweka shoka chini akaniuliza kama najua ninachotaka kukifanya: kusimama mbele ya watu kumi na mmoja wenye njaa na kuwaambia zawadi za shamba la mama yetu ndizo zilizoua migomba yao. Kwamba shamba la ukoo ndilo lililoleta mdudu. Wale watu, akasema, hawatasema asante. Watataka ardhi ya ukoo iwafidie migomba yao, na wataipata, kwa sababu tutakuwa tumekiri wenyewe. Mwanaasha ni mtu mmoja. Ana ndugu mjini, ana pa kwenda.

Nikamwambia hana pa kwenda, angekuwa napo asingekula magimbi.

Andrea akasema, "Felista, wewe ulisema na aende. Mimi nilikusikia, na wazee walikusikia." Kisha akachukua mpini wake akaendelea.

Nimetembea kurudi nyumbani nikisema peke yangu njiani. Mtu na kaka yake! Kila nilichotaka kumjibu kilinijia baada ya kuvuka kijito. Kikao ni Jumamosi.

Alhamisi, 6 Mei 1954

Mwezi umeandama, Mwanaasha amefunga. Namwona asubuhi anapalilia magimbi kwa kasi ile ile.

Leo alikuja mama mmoja kutoka bondeni, mmoja wa wale kumi na mmoja. Kuomba miche! Migomba yake imelala, anataka kuanza upya, na mkono wa Felista ni mkono wa baraka. Nilimwambia sitoi. Akacheka, akadhani namtania. Nikamwambia sitoi tena mche hata mmoja kutoka shamba hili, hata akipiga magoti. Nilitaka kumweleza, lakini nilipoanza habari ya mdudu, yeye alikwisha kununa. Akasema kukaa karibu na Mwanaasha kumenifanya kuwa mchoyo.

Mchoyo! Mimi! Alipoondoka niliingia shambani na jembe, nikang'oa ile minne ya tambarare, mama wa miche yote. Nimepasua matunguu. Sitaandika niliyoyaona. Kazi ya mchana mzima, kiuno kimekatika, na imebaki mia na kitu.

Jumamosi, 8 Mei 1954

Naandika jikoni, mvua inapiga bati. Watu wamejibanza barazani kwangu na chini ya paa la ghala, maana kikao kimefanywa uani kwangu, ndivyo Andrea alivyotaka, ili ionekane shamba la mama ndilo linalolalamika.

Walikuja kama arobaini. Mwanaasha alikaa pembeni kwenye kigoda na kanga nyeusi. Alikuja na mzigo wake umefungwa, kitanda chake ni mkeka umekunjwa juu. Hata hawajamwambia!

Andrea alisema maneno yake vizuri. Ardhi huwa na watu inaowakubali na inaowakataa, hatumlaumu mtu, tunamtakia heri. Kisha akasema dada yangu ndiye jirani, atawaambia alivyoona. Nikasimama. Nilikuwa na kopo.

Nikawaonyesha. Nilianza na yai. Nikaeleza funza, nikaeleza mlalaji, nikamtoa yule wa kahawia, sasa ni mweusi tii, nikampitisha mikononi mwao. Mzee Stambuli, ambaye haoni vizuri, alimwinua mpaka kwenye jicho. Nikaeleza kopo la pili lililooza bila funza. Wengine wakaanza kuitikia. Nikasema huyu haruki, huyu hubebwa. Mzee Stambuli akauliza, swali la haki kabisa, "Nani aliyembeba mpaka huku kwetu?"

Nikafungua mdomo, na mvua ikashuka. Si manyunyu, mvua ya mlima, yote kwa pamoja. Andrea akapiga makofi upesi akasema tusimame kidogo.

Akanifuata hapa jikoni. Nilidhani amekuja kunigombeza. Hapana! Ametabasamu. Ameniambia nimesema vizuri mno, hakutegemea, nimewaletea kitu ambacho hata padri na bwana shamba hawawezi kukipinga. Sasa nimalizie. Mwanaasha alitoka wapi? Mjini. Mizigo yake ilitoka wapi? Mjini. Nani asiyejua mjini kuna kila mdudu? Nisiseme uongo mkubwa, akasema, niseme tu alikuja nao, watu wataelewa wenyewe. Hapo hakuna uchawi, hakuna aibu, hakuna ukoo kulipa ardhi.

Siku hamsini na kitu nimefuga mdudu ili nimpe Andrea fimbo! Akatoka na ile tabasamu yake, mvua bado inanyesha.

Kisha akaja Mwanaasha. Aliingia kwa mlango wa nyuma, amelowa, akakaa kwenye kigogo cha kuni. Nikamwambia dada, subiri, nina jambo. Akasema analijua. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kwa mara moja, basi nayaandika kabla sijayasahau.

"Dada Felista, yule mdudu nilimwona siku ile ile nilipopanda. Alitoka kwenye bonge la udongo wako, nikamtoa kwa kidole nikamwacha aende. Migomba ilipoanza kulala nilimwona tena, wengi, nikajua. Ningesema nini? Mwaka ule hakuna mwingine aliyenipa hata jani. Ningesimama mbele za watu niseme ulinipa ugonjwa?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia mimi, peke yangu, kijitoni, popote. Nilisema kwa ukali, sijui kusema vingine. Akanitazama. Akasema alijaribu mara moja, ile Jumapili, lakini nilitazama pembeni.

Halafu akasema hili: hakuja kuniomba niseme. Amekuja kuniambia nisiseme, kama kusema kutanikosanisha na watu wangu. Mzigo ameshaufunga. Jua likitua atafuturu kwa jamaa Kilakala, kule mjini, wamesema anaweza kukaa mpaka Idi. Baada ya Idi hakusema.

Akatoka kwa mlango ule ule.

Hasira niliyo nayo sasa sina pa kuiweka. Ananihurumia! Yeye, mimi! Na kaka yangu amenipa uongo mzuri uliokwisha kupikwa, natakiwa kuupakua tu. Na wale kumi na mmoja wako barazani kwangu, wanakunywa uji wangu. Nikisema kweli, ikifika Jumapili ijayo hakuna atakayekunywa tena uji kwangu. Watakuja kudai kipande cha shamba la mama, na watakuwa na haki, na Andrea hatanizika.

Mvua imepungua. Nasikia wanafuta viti. Mzee Stambuli anauliza kwa sauti kama yule mama wa kopo amekwisha kupumzika, maana hajajibiwa swali lake.

Andrea ananiita. Nimesimama mlangoni, naandika hivi hivi nimeegemea mwimo. Anawaambia dada yake sasa atawaeleza mdudu alitoka wapi. Ananiita mara ya pili. Wote wamegeuka kunitazama, isipokuwa Mwanaasha. Yeye ameinama anakaza kamba ya mzigo wake.